Adui Aingiaye kwa Njia ya Tiba

Askari aliyepigwa risasi ya uti wa mgongo hukabiliwa na vita viwili. Vya kwanza ni vya siku aliyojeruhiwa. Vya pili huanza wodini, na adui wake haonekani kwa macho.

Historia inathibitisha jambo hilo. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, askari wengi wa Uingereza waliovunjika uti wa mgongo walikufa baadaye kwa vidonda vya kulala na maambukizo ya njia ya mkojo. Mnamo mwaka 1944, Daktari Ludwig Guttmann, mkimbizi kutoka Ujerumani, alifungua kituo cha majeruhi hao huko Stoke Mandeville, Uingereza. Kwa usafi na uangalizi usiolegea, alionyesha kwamba mtu aliyepooza aweza kuishi miaka mingi.

Suala hili si la Ulaya peke yake. Jirani zetu wa Kenya wanayo hospitali ya taifa ya majeruhi wa uti wa mgongo jijini Nairobi, na hapa nchini majeruhi kama hao hutibiwa katika Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili. Awe ameanguka mtini, amepinduka na gari au amejeruhiwa kazini akilinda raia, mgonjwa asiyeweza kutoa mkojo kwa hiari yake hana budi kuwekewa mpira.

Mpira huo ndio daraja la adui. Bakteria huunata, huzaana na kujijengea utando unaoteleza. Ndani ya utando huo wamo kama askari waliomo handakini. Dawa huwafikia kwa shida. Kwa kila siku ambayo mpira unabaki mwilini, wagonjwa 3 hadi 7 katika kila 100 huingiwa na bakteria katika mkojo.

Wataalamu wamejaribu njia mbili za kumkabili adui huyo. Ya kwanza ni kuupaka mpira kitu cha kuua bakteria, kama vile madini ya fedha. Njia hiyo ilisifiwa mno na wenye kuiuza. Lakini mwaka 2012 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika hospitali 24 za Uingereza, ukihusisha wagonjwa zaidi ya 6,000 waliowekewa mpira kwa muda mfupi. Waliopata maambukizo kwa mpira wenye fedha walikuwa asilimia 12.5, kwa mpira wa kawaida, asilimia 12.6. Tofauti hiyo si kitu.

Njia ya pili ni kumnyima adui mahali pa kukanyaga. Mwaka huo huo wa 2012, wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Nottingham, wakishirikiana na wenzao wa Marekani, walitangaza kwamba baada ya kupima mamia ya polima walipata aina ambazo bakteria hawanati kwa urahisi. Polima hizo haziui. Kwa hiyo hazimfundishi bakteria usugu kwa namna dawa zinavyomfundisha. Hilo ni jambo kubwa, kwani usugu wa dawa ulisababisha vifo vipatavyo milioni 1.27 duniani mwaka 2019, na Afrika Kusini mwa Sahara ndiyo iliyoumia zaidi kwa uwiano wa watu wake.

Funzo kwa nchi za Afrika Mashariki ni dhahiri. Fedha ya kigeni isitumiwe kununua sifa za matangazo. Kila kifaa kipya kidai ushahidi wake kwanza. Wakati huo huo, silaha zilizokwisha thibitishwa zipo mikononi mwetu: kutomwekea mtu mpira pasipo sababu, kunawa mikono kabla ya kuugusa, kuuweka mfuko wa mkojo chini ya usawa wa kibofu, na kuutoa mpira mara tu haja yake inapokwisha.

Mlinzi hodari haliachi lango wazi eti kwa kuwa ameahidiwa kufuli jipya. Majeruhi aliyeokolewa na risasi hastahili kuuawa na uzembe wa wodini.