Ngiri Kizimbani: Papasi, Barabara na Homa ya Nguruwe Mkoani Pwani

(Mhadhara wa umma uliotolewa Msata)



Kila homa ya nguruwe ya Afrika inapozuka Pwani au Dar es Salaam, kuna hoja inayotangulia hata kabla sampuli hazijafika maabara: wanyama wa porini ndio waletao ugonjwa, basi wasakwe, wamalizwe. Nimeisikia mikutanoni, tena vinywani mwa watu wenye shahada. Leo sikuja kuibembeleza.

Mageuzi nitayapitia haraka, maana wenzangu mnayajua. Nguruwe wa kufugwa ni uzao wa nguruwe mwitu wa Ulaya na Asia. Ngiri na nguruwe pori wetu ni matawi mengine ya ukoo huo, yaliyokulia Afrika, na visukuku vya jamaa zao waliotoweka vimejaa Olduvai na kando ya Ziwa Turkana. Linalotuhusu ni hili: ngiri ameishi na virusi vya homa hii muda mrefu mno, vikimwingia havimfanyi augue. Nguruwe wa bandani hana bahati hiyo. Hupandwa na homa kali, ngozi ya masikio na tumbo huiva rangi ya zambarau, na mara nyingi siku chache tu zinamtosha kufa. Binadamu haambukizwi.

Wapinzani wangu humwita R. Eustace Montgomery awe shahidi wao. Mimi nami nampenda shahidi huyu, pengine kupita kiasi. Mwaka 1921 alichapisha maelezo ya kwanza ya kisayansi ya ugonjwa huu, kutokana na milipuko kwenye mashamba ya walowezi wa Kenya. Nimelisoma andiko lile hadi kurasa zimelegea. Hakuwa na hadubini ya elektroni wala kipimo cha jeni. Alikuwa na damu ya nguruwe wagonjwa na vichujio vinavyozuia bakteria. Kisababishi kikapenya, akajua anashughulika na virusi. Akaijaribu kinga ya homa ya nguruwe ya Ulaya, isifae kitu. Akajua huu ni ugonjwa mwingine. Ndipo akamtazama ngiri kwa shaka. Naam, alimshuku! Lakini nguruwe wa walowezi wale walikuwa wakizurura na kula porini, na tiba aliyoielekea Montgomery ilikuwa kuwafungia nguruwe na kuwatenga. Shahidi anayetajwa ili bunduki zitolewe alikuwa akizungumzia uzio.

Alichokikosa kilipatikana mwaka 1969, pale Walter Plowright na wenzake walipoeleza kuwa wamekuta virusi hivi ndani ya papasi waliokusanywa kwenye mashimo ya wanyama hapa hapa Tanzania. Baadaye ikabainika kwamba papasi dume humwambukiza jike wanapopandana, na jike hurithisha virusi kupitia mayai. Mtoto wa ngiri huumwa na papasi shimoni angali mchanga, na kwa wiki chache damu yake huweza kuwaambukiza papasi wengine. Akikomaa, virusi hujificha kwenye tezi, na damu yake hubaki na virusi vichache mno. Kwa hiyo mwenye nyumba ni papasi. Ngiri ni mpangaji. Shimo lenyewe mara nyingi limechimbwa na mhanga. Ukimwua mpangaji, mwenye nyumba hasikitiki, maana anaweza kukaa miaka bila kuonja damu.

Tena, mshtakiwa mwenyewe huchanganywa na mwingine. Nikiwa mwanafunzi, nililala kwenye dungu upande wa Mto Wami pamoja na mzee mmoja aliyekuwa akilinda mahindi. Usiku wa manane yakasikika makoromo na mabua yakivunjika. Mzee akapiga debe, kundi likatawanyika. Nikauliza kama wale ni ngiri. Akacheka hadi dungu likatikisika. “Mwanangu, ngiri saa hizi kalala shimoni. Hao ni nguruwe pori.” Alikuwa sahihi kibiolojia. Ngiri hula mchana, akipiga magoti kwenye nyasi. Nguruwe pori huzunguka usiku na hulala vichakani, si mashimoni, kwa hiyo hana ule mzunguko wa kudumu na papasi. Hasira ya mahindi isigeuzwe ushahidi wa homa.

Sasa tutazame safari za ugonjwa. Mwaka 1957 ulifika Lisbon, ambako hakuna ngiri. Nguruwe walikuwa wamelishwa makombo ya ndege za abiria. Mwaka 2007 ulitua Georgia, na mwaka 2018 ukafika China. Hapa kwetu, Gerald Misinzo na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo walipochunguza virusi vya milipuko ya 2010 hadi 2012, walikuta aina ya pili ya kijenetiki, inayofanana na ile ya Georgia. Ngiri hahami wilaya, sembuse bara. Kinachosafiri ni nyama, makombo, buti zenye kinyesi, na nguruwe mgonjwa anayeuzwa upesi kabla hajafia bandani.

Nitende haki. Majaribio yameonyesha kwamba nguruwe pori aliyeambukizwa anaweza kumwambukiza wa kufugwa akiwa karibu naye. Anayeachia nguruwe wazurure jirani na Hifadhi ya Saadani anacheza na papasi. Na mwindaji abebaye mzoga wa ngiri hadi bandani huenda amebeba zaidi ya nyama. Hayo yote yanadai uzio, jambo lile lile la Montgomery; hakuna hata moja linalodai msako.

Barabara ya Bagamoyo inakutana na ile ya Chalinze–Segera hapa Msata, na malori ya kaskazini hupita mbele ya macho yetu. Tukiwa na fedha za kazi moja tu, ziende kwenye ukaguzi wa mifugo na nyama njia panda hii, na katika kuwafundisha wafugaji kuchemsha makombo sawasawa. Kesho mtu akinionyesha mlipuko wa Pwani ulioanzia shimoni mwa ngiri, nitaukubali na kuufundisha darasani. Kisha nitaomba mkaguzi wa pili barabarani.