Samaki wa Maziwa ya Singida na Daftari la Chama

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Kila inapotajwa hifadhi ya viumbe wa majini, fikira za watu hukimbilia pwani: mikoko ya Rufiji, matumbawe ya Mafia ambako hifadhi ya bahari iliundwa mwaka 1995, na hasara iliyoletwa na uvuvi wa baruti. Mwananchi wa Singida husikiliza habari hizo kama asikilizaye msiba wa kijiji cha mbali. Huhuzunika, kisha hurudi kwenye alizeti yake. Lakini Singida nayo ina mwambao. Ziwa Kitangiri lina wavuvi wake, wachuuzi wake, na familia ambazo sare na madaftari ya watoto hutoka wavuni. Maziwa Singida na Kindai yamo mjini penyewe, na heroe wanaotua humo ni sehemu ya mali hiyo hiyo.

Wingi wa aina za viumbe, ambao siku hizi huitwa bayoanuwai, si jambo la wataalamu peke yao. Ni jambo la mapato ya chama.

Maji ya eneo hili hayafiki baharini. Mito ya Manonga na Wembere humiminika Kitangiri. Kitangiri nalo hutoa maji kwa njia ya Mto Sibiti hadi Ziwa Eyasi, na huko safari huishia. Maji huondoka kwa kukaushwa na jua, chumvi hubaki. Tena maziwa haya ni ya kina kifupi. Kiangazi kikizidi hupungua mno, na chumvi huongezeka. Samaki wengi hawastahimili mashaka ya namna hiyo. Yupo perege mmoja aliyeyazoea, ambaye wataalamu humwita Oreochromis amphimelas. Kwa asili hupatikana Manyara, Eyasi, Kitangiri, Singida na maziwa machache mengine ya chumvi ya sehemu hizi, yote ndani ya Tanzania. Duniani kote hana asili mahali pengine. Naye amekwisha kuingizwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka.

Mvuvi humtia kapuni pamoja na wengine, na katibu huandika neno moja tu, "samaki", kisha kilo na bei. Hapo ndipo hasara inapoanza kufichika. Kilo mia za perege wakubwa na kilo mia za vichanga huonekana sawa daftarini, ingawa za kwanza ni mavuno na za pili ni mbegu iliyoliwa.

Yafaa kila mwanachama aelewe jinsi samaki huyu anavyozaa. Dume hutengeneza kiota chini penye maji mafupi. Jike hutaga hapo, kisha huyachukua mayai kinywani mwake na kuyatunza humo mpaka watoto waweze kujitegemea. Kwa hiyo hazai maelfu kwa maelfu kama samaki wanaoyaachia mayai yao majini. Huzaa wachache na kuwalinda. Kokoro linapokokotwa ufukweni huvunja viota na kumtoa mama pamoja na watoto waliomo kinywani. Kanuni za uvuvi zimelikataza kokoro, na nyavu za macho madogo vilevile, lakini kila mtu ajuaye ufukwe anajua kwamba katazo likiachiwa Afisa Uvuvi mmoja na pikipiki yake halifiki mbali.

Hatari ya pili haina sura ya uhalifu, na kwa sababu hiyo ni kubwa zaidi. Ni nia njema. Samaki wakipungua, mwanachama husimama mkutanoni akashauri chama kinunue vifaranga vya sato na kuvimwaga ziwani, au kuchimba mabwawa kandokando. Sato hukua upesi, hana ubishi wa chakula, na sokoni anapendwa. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Lakini sato na perege wa asili ni ndugu wa karibu, na ndugu hao huzaliana. Vizazi vikipita, damu ya asili huchanganyika hata isiweze kutengwa tena. Wachunguzi waliopita katika mabonde ya maji ya Tanzania katika miaka ya 2010 walimkuta sato katika sehemu nyingi zisizo za asili yake, ama kwa kupandikizwa, ama kwa kuponyoka mabwawani wakati wa mafuriko.

Ziwa Viktoria limekwisha kutoa ushahidi. Huko samaki mkuu wa biashara alikuwa ngege. Uchunguzi uliofanywa mwaka 1927 na 1928 ulionyesha kwamba nyavu zilikuwa zikimmaliza, na yakapendekezwa macho ya wavu yasiyopungua inchi 5. Baadaye masharti hayo yalilegezwa, na katika miaka ya 1950 na 1960 waliingizwa sato na sangara ili kuongeza mavuno. Kufikia miaka ya 1980 sangara alikuwa ametapakaa. Aina za furu, zilizokuwa mamia, zilipungua vibaya, na nyingi hazijaonekana tena. Ngege karibu atoweke katika ziwa lenyewe. Alisalia zaidi katika maziwa madogo ya jirani. Ni kweli kwamba sangara alileta viwanda Mwanza na fedha nyingi za kigeni, na si haki kulinyamazia hilo. Lakini Kitangiri si Viktoria. Ni ziwa dogo, lenye maji yanayopanda na kushuka. Siku litakapopungua na chumvi kuzidi, anayehitajika ni perege ambaye vizazi vyake vimekwisha kupita katika mtihani huo, wala si chotara ambaye uvumilivu wake haujulikani.

Kuhusu mashamba, machache yatosha. Vitunguu vya Singida vina sifa nchini, na ardhi yenye unyevu kando ya maji inavutia. Hata hivyo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Matete yakifyekwa, udongo huteremka na kufukia mahali pale pale perege anapotengeneza kiota.

Basi chama kifanye nini? Kwanza, kisikopeshe fedha za kununua nyavu kabla ya kamati kuona macho ya wavu unaonunuliwa. Mkopo wa kununulia kokoro ni mkopo wa kuiua dhamana yenyewe. Pili, chama kisinunue vifaranga, vya ziwani wala vya bwawani, kabla ya kupata kwa maandishi ushauri na kibali cha Afisa Uvuvi wa wilaya, kikitaja aina ya samaki na mahali walikotoka. Neno "perege" peke yake katika hati ya mauzo halitoshi, kwa maana hutumika kwa samaki wa aina nyingi. Pia kamati ikae pamoja na kikundi cha ulinzi wa rasilimali za uvuvi kilichopo mwaloni, maana aghalabu wanachama ni wale wale.

La mwisho ni la makatibu. Daftari la mapokezi lipigwe mistari upya: perege wakubwa, perege wadogo, kambare, sato kama yupo, kila mmoja na safu yake ya kilo. Kazi hiyo haihitaji fedha, ila rula na uangalifu. Ianze na mapokezi ya mwezi ujao, na jumla za safu hizo zisomwe katika mkutano mkuu pamoja na hesabu za fedha, kabla wajumbe hawajaombwa kupitisha mkopo wa nyavu.