Pumu na Vumbi la Kazi



Leo hatusemi habari za mshahara. Twataka kusema habari za pumzi, maana asiye na pumzi hawezi kuutafuta huo mshahara. Kati yetu watu wa reli wako wenye pumu, na wengi huificha. Waogopa kuitwa wavivu, kwa kuwa asubuhi huonekana wazima na jioni hawawezi kuinua hata gunia moja. Wasimamizi wengine husema, "Huyu ajifanya mgonjwa." Basi na tueleze kwa nini mtu huyo hasemi uwongo.

Karibu kila chembe ya mwili ina maagizo ya kazi yaitwayo jeni, yapata 20,000. Tumeyarithi kwa wazazi wetu, lakini hayafanyi kazi yote kwa wakati mmoja. Ni kama injini katika karakana: ziko nyingi, lakini zinazonguruma ni zile zilizowashwa.

Sasa mwenye pumu ya mzio akivuta kitu kinachomdhuru, kama vumbi la unga au la nafaka, au vumbi la utitiri wa godoroni, mambo mawili huweza kutokea. La kwanza huja kwa dakika chache: kifua hubana, naye hukohoa, kisha hupata nafuu. La pili huja kimya kimya. Chembe za ulinzi wa mwili hupeleka habari kwenye utando wa ndani wa njia za pumzi, na jeni zilizokuwa zimetulia huwashwa. Nyingine huagiza makamasi mazito, nyingine huita chembe za damu zije zilete uvimbe. Kwa hivyo baada ya saa nne mpaka nane pumzi yaweza kubana tena, hata kama vumbi lenyewe halipo. Aliyepakua unga saa mbili asubuhi huenda akazidiwa saa kumi jioni, yuko nyumbani kwake.

Haya si maneno ya kubahatisha. Madaktari wamepata kutia kiasi kidogo cha kitu kama hicho katika sehemu ya pafu la wagonjwa waliokubali, kisha wakazichukua chembe na kuzipima. Na mwaka 2007 wataalamu wa San Francisco, Marekani, walieleza kwamba jeni fulani za njia za pumzi zilifanya kazi kwa wingi zaidi kwa wenye pumu kuliko kwa watu wasio nayo, na kwamba dawa ya steroidi ya kuvuta ilizituliza.

Hapo, ndugu zetu, tufahamu vizuri. Inhela ya buluu hufungua njia kwa saa chache tu. Uvimbe wa ndani hubaki palepale. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa GINA, unaotumiwa na madaktari wa nchi nyingi, wasema mtu mzima asitibiwe kwa inhela hiyo peke yake, bali apate na dawa ya steroidi ya kuvuta. Mwenye kuandikiwa dawa hiyo asiiache kwa sababu leo apumua vizuri. Amwulize daktari kwanza.

Lakini dawa haitoshi ikiwa kila siku twarudishwa katika vumbi lile lile. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri awakinge wafanya kazi na vumbi lenye kudhuru, na mahali penye watu 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Kamati hiyo ni yetu pia. Tuipelekee habari zilizoandikwa, si manung'uniko ya kantini.

Kila mwenye pumu na aandike siku, saa, kazi aliyofanya, na saa pumzi ilipobana. Aandike na siku za mapumziko, kama alipata nafuu. Karatasi hiyo itamsaidia daktari kujua kama ni vumbi la kazini, na itamsaidia mjumbe wetu kudai vumbi lipunguzwe au mtu abadilishiwe kazi bila kufukuzwa.

Mwenzetu akibanwa na pumzi, tusimcheke. Tumtetee.