Mbele ya Kununua Batri, Tupime Kwanza
Maneno yaliyosemwa kwa mkutano wa wamemba, Lubumbashi

Niliombwa niseme juu ya mikopo. Nitasema, lakini nitapitia kwa batri ya moto, sababu pesa yetu mingi inapotelea pale.

Maisha yetu mnayajua. Mtu amerudi toka Zambia, huyu alikuwa Meheba, ule alikuwa Mwange ao Kala. Anafika hapa, shamba hana, kazi ya mgodi hapati. Anachukua moto kwa mkopo wa chama, anakuwa manseba mu Katuba ao mu Ruashi. Moto ikilala siku moja, bukari inakosa pa meza na mkopo haurudi. Anakuja pa biro: nisaidieni ninunue batri. Tunampa. Miezi mbili, tatu, huyu hapa tena: batri imekufa.

Ndugu, batri haitengenezi umeme. Ni kama pipa ya maji: inalinda paka kile ilichopewa. Anayetengeneza ni bobini iliyo ndani ya injini, ile wanaita statori, wakati sumaku inazunguka pembeni yake. Umeme ule unatoka ukienda na kurudi, batri haiwezi kuupokea hivyo. Unapita kwa regulateri, inaunyoosha na kuupunguza, kiisha unapita kwa waya na fizibo, njo unafika kwa batri. Njia ikikatika mahali popote, batri mpya nayo itakauka. Lakini itafanya kazi siku chache, juu duka iliiuza ikiwa imejaa. Hizo siku chache njo zinatudanganya.

Sasa, kupima. Chombo ni multimetri, ile ndogo ya masoko, bei yake iko chini ya batri moja. Iweke kwa volti za batri, pa 20. Asubuhi, moto ikiwa imezimwa usiku kucha, gusa vichwa viwili vya batri. Ukiona 12,6 mpaka 12,8, imejaa. Ukiona 12,0 ao chini, haina kitu: ijaze kwanza kwa chajeri mbele ya kuendelea, sababu kupima moto na batri iliyokauka kutakupa jibu la uongo.

Kiisha washa injini, vuta gazi mpaka katikati. Usipime ikiwa inapumua polepole tu, moto ndogo hazitoi kitu mingi pale. Multimetri ikipanda kati ya 13,5 na 14,8, chaji inafika. Basi shida ni batri yenyewe, ao kuna kitu kinaikula. Ikibaki pa 12 na kitu, ao ikishuka, chaji haifiki. Ikipita 15, regulateri imepoteza breki: batri itachemka, na ampuli zitaungua. Kuna kaka mmoja mu chama chetu alikuwa anabadilisha ampuli kila mara na kulaumu mali ya Wachina. Tulipima: 16 na zaidi.

Chaji isipofika, mafundi wengi wanakimbilia statori. Mimi nasema anza na kile cha bei rahisi. Angalia fizibo. Angalia waya wa masi, ule unaofunga batri na chasi. Fungua fishi ya regulateri, uiangalie na jicho. Mvua yetu ya mwezi wa 11 mpaka wa 3, kiisha vumbi nyekundu ya kiangazi, vinaingia mule ndani. Utaona kijani, ao plastiki imeyeyuka. Safisha, kaza, pima tena. Mara nyingi habari inaishia pale.

Isipoishia, chomoa fishi ya statori, geuza multimetri kwa umeme wa kwenda na kurudi, washa injini. Volti zikipanda pamoja na gazi, 20, 30, kuendelea, statori ni mzima na regulateri njo mshitakiwa. Zisipopanda, bobini imeungua. Na angalisho: kwa moto ndogo nyingi mwisho mmoja wa bobini umefungwa kwa mwili wa injini, ni kazi yake. Fundi asiihukumu kwa hiyo tu. Linganisha na moto nzima ya aina ileile.

Niseme pia kile kinachokula batri. SNEL ikikata, moto inaingia nyumbani kama kituo cha umeme: simu za familia yote, na taa. Fari ya wati 35 inamaliza batri ya ampea 5 kwa masaa mbili hivi. Hakuna statori ya kulaumu.

Na mazoea moja tuyaache: kutoa waya wa batri na injini inazunguka, eti ikiendelea basi chaji iko. Moto nyingi zinazunguka bila batri, sababu bugi inapata umeme wake pembeni. Jibu halina maana, na umeme usiokuwa na pa kupumzikia unaweza kuua regulateri iliyokuwa mzima.

Ndugu wafadhili, mliuliza kama mtuletee batri. Asanteni, lakini naomba mbadilishe: multimetri mbili, na chajeri moja ya batri, vikae pa biro. Najua wamemba wengine hawatapenda. Batri mtu anaiona na kuishika, multimetri inampa paka namba.

Kamati imekubali tujaribu hivi. Anayeomba mkopo wa batri analeta moto pa biro, na pa karatasi tunaandika namba tatu: injini imezimwa, injini inazunguka, injini inazunguka na fari imewaka. Batri ikionekana ndiyo mbaya, mkopo unatoka siku ileile. Kitu kingine kikionekana, mkopo unalipa kile kitu. Hakuna atakayerudishwa mikono mitupu.

Tunaanza Siku ya Posho hii asubuhi. Msiwashe moto njiani ya kuja kama mnaweza kuisukuma. Ile namba ya kwanza tunaitaka ya usiku kucha. Wa Ruashi, mko mbali, ninyi njooni nayo ikiwaka, tutapima kwanza ile ya injini inayozunguka.