Mwalimu Naye Hufundishwa na Nani?



Mwalimu akiisha kupata cheti chake hupelekwa shuleni, na tangu siku ile huwa peke yake darasani. Watoto humwona kila siku, lakini mwenziwe ajuaye kazi hiyo huenda asimwone akifundisha hata mara moja katika miaka mingi. Ikiwa njia yake ya kufundisha kugawanya ni mbovu, ataifuata hiyo hiyo mwaka baada ya mwaka, na hasara ni ya watoto.

Dawa iliyozoeleka ni kuwakusanya waalimu wakati wa likizo, waketi na kusikiliza. Haikosi faida, ila yule anenaye mbele yao hajapata kuliona darasa la hata mmoja wao.

Iko njia nyingine, nayo ni ya zamani. Mwaka 1907 bibi mmoja wa Philadelphia, Anna T. Jeanes, alitoa dola milioni moja kwa ajili ya shule ndogo za mashamba za watu weusi wa kusini ya Marekani. Mwaka 1908 mwalimu mweusi, Virginia Randolph wa wilaya ya Henrico katika Virginia, akawa wa kwanza kuwekwa katika kazi hiyo. Alikwenda shule kwa shule, zaidi ya 20, akitazama kazi ya wenzake, akiwasaidia kufundisha, na kuwashawishi wazazi watengeneze majumba na viwanja.

Tume ya Phelps-Stokes ilipozuru Afrika ya Mashariki mwaka 1924 iliusifu sana mpango huo. Mwaka uliofuata Skuli ya Jeanes ilifunguliwa Kabete, karibu na Nairobi, kwa msaada wa fedha za Carnegie, na mkuu wake wa kwanza alikuwa J. W. C. Dougall, aliyekuwa katibu wa tume ile. Wanafunzi wake walikuwa waalimu waliokwisha kuijua kazi. Walikuja pamoja na wake zao na watoto wao, nao wake walifundishwa ulezi na usafi wa nyumba. Kisha waalimu hao walirudi makwao kuzitembelea shule za vijijini.

Si kila mtu aliupenda mpango ule. Wazazi wengi waliona kwamba mambo ya bustani na vyoo yalichukua mahali pa Kiingereza na hesabu, yaani elimu ile ile ambayo Wazungu waliwatakia watoto wao wenyewe. Lawama hiyo ilikuwa ya haki. Hata hivyo, lilikuwamo jema lisilofaa kutupwa pamoja na makosa. Mkaguzi akija, mwalimu humwonyesha somo alilolitengeneza usiku kucha, lakini akija mwenzi wa kumsaidia, mwalimu huweza kusema, "Hapa watoto hawanielewi, nami sijui la kufanya." Neno hilo ni zito kulitamka mbele ya mtu aandikaye ripoti.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mahali pale pa Kabete palifundishwa kazi za maendeleo ya jamii, na mwaka 1961 pakawa chuo cha utawala. Wazo lenyewe halikufa. Mwaka 1998 Kenya na Japani zilianzisha mpango wa SMASSE kwa waalimu wa hesabu na sayansi wa sekondari: mwalimu hupanga somo, hulifundisha wenzake wakitazama, kisha hulirekebisha. Na kuanzia mwaka 2015, katika mpango wa Tusome wa shule za msingi, maafisa wa elimu walipewa kompyuta ndogo za mkononi. Waliketi nyuma ya darasa, wakawasikiliza watoto wachache wakisoma, kisha wakazungumza na mwalimu juu ya yale waliyoyaona. Nauli yao ililipwa kwa kadiri ya shule walizofika kweli, maana chombo chenyewe kilionyesha walikokuwa. Kabla ya hapo shule nyingi za mbali zilikaa bila ya kumwona afisa, kwa sababu hakuwa na pesa za petroli.