Kuchagua Programu ya Kutunza Nakala za Akiba



Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya kompyuta, isipokaguliwa, huoza.

Tarehe 31 Januari 2017, kampuni ya GitLab ilifuta kwa bahati mbaya kumbukumbu zake kuu. Ilipotafuta nakala ya kila siku, haikuwapo. Programu ya kunakili ilikuwa toleo la 9.2, na kumbukumbu zilikuwa katika toleo la 9.6, kazi ilishindikana kila siku, na barua za onyo hazikumfikia mtu. Iliokolewa na nakala ambayo mtumishi mmoja aliichukua saa 6 kabla, kwa shughuli nyingine. Kazi ya saa hizo ilipotea.

Hatari hiyo huzidi pale ambapo karani wa mizani anatumia Windows na hesabu za wanachama zimo katika mashine ya Linux. Kwa hiyo, kabla ya kununua, katibu na aulize: Je, programu inakubali kila mashine iliyopo, na toleo lake? Je, yaweza kunakili hesabu zikiwa zinatumika? Ikishindwa, ni nani atakayearifiwa?

Kisha muuzaji afanye jaribio mbele ya kamati: arudishe jalada moja katika kila aina ya mashine. Jaribio hilo lirudiwe kila msimu, na nakala moja itunzwe nje ya jengo. Kilo na malipo ya kila mkulima yamo humo. Yakipotea, mwanachama hana cha kudai.