Huzuni ya Mwenye Maradhi ya Sukari

Maneno haya yahusu maradhi ya sukari, wala si dawa zake, kwani hizo matabibu wanazijua zaidi, bali huzuni inayomkaa mgonjwa moyoni na watu wasiione.

Aliyevunjika mguu huonekana gongo lake, akapishwa njia. Mwenye sukari hana gongo. Hupanda vilima vya Mutaho pamoja na wenziwe, huuza maharagwe sokoni kama wao, na huku moyoni ana hesabu isiyokwisha: amekula nini, atakula saa ngapi, dawa imebaki ya siku ngapi, na kidonda hiki cha mguuni kitapona au kitaleta kukatwa? Hesabu hiyo haina Ijumaa wala Idi. Mwaka 1995 wataalamu wa Marekani walitoa maswali 20 ya kupima mzigo huo wa moyo peke yake, na miongoni mwa wanayoulizwa wagonjwa ni hofu ya siku za mbele na upweke.

Kabla ya insulini kuvumbuliwa huko Toronto mwaka 1921, mtoto aliyeshikwa na maradhi haya hakutarajiwa kuishi ila muda mchache. Leo akipata dawa huishi hata akazeeka. Lakini mama yake halali usingizi mzima, akichelea sukari ya mwanawe isije ikashuka gizani. Na kukicha jirani humwambia mtoto amerogwa!

Ramadhani ndipo panapouma zaidi. Aliyekatazwa kufunga hujificha jikoni akala kama mwizi, ilhali Suratul-Baqara imempa mgonjwa ruhusa waziwazi. Mwingine huona haya, akafunga pasipo tabibu kujua, alasiri akaanguka. Kosa si lake peke yake. Yule aliyemwuliza mbele za watu, "Bwana, mbona hufungi?" ana fungu lake.

Basi na ijulikane: kutoboa kidole ili kupima damu hakubatilishi saumu, wala sindano ya insulini, kwa kauli ya wanazuoni wengi wa zama hizi. Sukari ikishuka chini ya miligramu 70 katika desilita moja ya damu, mgonjwa afungue papo hapo, ijapokuwa magharibi imebaki robo saa. Na ambaye maradhi yake hayatarajiwi kumruhusu kulipa, hulisha maskini mmoja kwa kila siku aliyokula. Hadaiwi na jirani maelezo yoyote.